Kukata Kona Kwenye Theluji

Jaketi nililinunua Karume, pale Mchikichini, kwa shilingi 15,000. Muuzaji alianza na 35,000. Wakazi wa Dar wanayajua majaketi haya: mazito, yana kofia, yametoka kwenye belo za mitumba, na wateja wake wakubwa ni madereva wa bodaboda wanaoingia barabarani alfajiri wakati wa kipupwe. Langu lilikuwa na kipande cha karatasi ngumu kilichoning'inia kwenye zipu kwa waya mwembamba. Muuzaji akatoa wembe akikate. Nikamwambia, "Kaka, kiache hivyohivyo." Ilikuwa tiketi ya lifti ya mlimani. Maandishi yalikuwa yamefifia, lakini picha ya mlima mweupe bado ilionekana. Mtu nisiyemjua, katika nchi nisiyoijua, aliteremka mlima amevaa nguo hii, na sasa ilikuwa inarudi kwenye theluji kwa njia ya Ilala.

Shemeji yangu, mume wa dada, anafanya kazi Johannesburg. Alikuwa amesema Julai atatupeleka Lesotho mimi na mdogo wangu wa kiume tukajifunze kuteleza kwenye theluji. Nilipomweleza mama, aliuliza swali ambalo baadaye niliulizwa na karibu kila mtu: "Na Kibo je?" Kwetu ni Marangu. Nimekua nikiitazama Kibo, kilele cha Kilimanjaro, kila Desemba tunapokwenda nyumbani, na swali lake nalielewa. Lakini kilichobaki kule juu ni mabaki ya barafu ya kale, kuta zilizosimama wima karibu na mita 5,895 za kilele, na zaidi ya asilimia 80 ya barafu iliyokuwepo mwaka 1912 imeshatoweka. Mtu hajifunzii hapo. Anayeanza anahitaji mteremko mpole, theluji iliyosawazishwa, na mahali pa kuanguka mara arobaini bila kupotelea bondeni.

Safari yenyewe nitaipita haraka. Ndege hadi Johannesburg, gari hadi mpaka wa Caledonspoort, kisha Butha-Buthe, kisha Moteng Pass, barabara inayopanda kwa kujikunja hadi masikio yanaziba. Lesotho ndiyo nchi pekee duniani ambayo ardhi yake yote iko juu ya mita 1,000, na Afriski, kituo cha michezo ya theluji tulichokuwa tunakwenda, iko zaidi ya mita 3,000, kwenye milima ya Maluti. Theluji ya pale kwa sehemu kubwa hutengenezwa: usiku wa baridi kali mitambo hurusha maji na hewa iliyoshindiliwa, matone yanaganda kabla hayajafika chini. Asubuhi nyanda zote za jirani ni kahawia, nyasi zimekauka, halafu katikati yake unakuta utepe mmoja mweupe umelazwa mlimani kama kanga iliyoanikwa.

Kitu kimoja cha njiani siwezi kukipita haraka. Wasotho wanasema *motho* na *batho*, nasi tunasema mtu na watu. Maji kwao ni *metsi*. Nilikaa nyuma ya gari nikiokota maneno ya ndugu. Theluji wanaiita *lehloa*, neno lao wenyewe. Sisi wasemaji wa Kiswahili tulilipata theluji kwa Waarabu, na barafu kwa Waajemi, ambao wao wakisema *barf* wanamaanisha theluji yenyewe. Kwetu barafu ikawa ile ya ubuyu na ukwaju ndani ya kifuko, ya kung'ata kwa pembe. Nilikuwa nakwenda kujifunza jambo ambalo lugha yangu ilikuwa haijalipa maneno, na nilijua nitalazimika kuyatafuta mwenyewe.

Neno la kwanza nililipata mapema. Ubao wa theluji unausimamia kiubavu, miguu yote miwili imefungwa juu yake, bega moja likitangulia bondeni. Kuzunguka ubao wote, kwa chini, kuna ukanda mwembamba wa chuma. Mwalimu wetu, Msotho wa umri wa makamo niliyemwita *ntate*, yaani baba, kama wenyeji wanavyofanya, naye akiniita *ausi*, yaani dada, aliutaja ukanda huo kwa Kiingereza. Mimi nikauita makali. Makali ya vidole, makali ya visigino. Ni neno la kisu, na chuma kile kinafanya kazi ya kisu.

Siku ya kwanza yote ilikuwa ya makali tu. Unasimama umelitazama bonde, umeegemea makali ya visigino, unashuka kidogo kwenda kushoto, unasimama, unashuka kidogo kwenda kulia, kama jani linavyopeperuka likianguka. Kisha unageuka kuutazama mlima, na kufanya vilevile kwa makali ya vidole. Ntate alitufundisha pia kuitafuta njia ya maji. "Ukimwaga *metsi* hapa ulipo," alisema, "yatapita wapi?" Njia hiyo ndiyo inayoamua kila kitu. Ukiielekeza ncha ya ubao huko, unapata kasi. Ukiukingamisha ubao, unapunguza mwendo.

Na ole wako uusahau ubao ukakaa bapa huku unateremka kiubavu. Makali ya upande wa bondeni yananasa. Theluji inaushika ubao papo hapo, mwili wako haujaambiwa, unaendelea na safari. Hakuna nafasi hata ya kupiga kelele. Nilianguka hivyo mara mbili kisogoni, na helmeti ndiyo iliyonirudisha salama hotelini. Kwa wanaoanza, kiungo kinachoumia zaidi ni kifundo cha mkono, kwa sababu kila binadamu akianguka hutanguliza kiganja. Tulifundishwa kukunja ngumi na kupokea anguko kwa mkono mzima hadi kiwikoni, na ukianguka chali, kidevu kifuani. Mdogo wangu hakuvaa vikinga vya mikono asubuhi ile. Mchana alivivaa bila kuambiwa na mtu.

Siku ya pili nilianza kuunganisha kona. Kulia, kushoto, kulia. Nilifika chini bila kuanguka na furaha niliyokuwa nayo sikuwahi kuipata tangu nilipojua kuogelea. Ntate akaja akasimama kando yangu, akanyoosha mkono kuelekea juu.

"Ausi, geuka uangalie ulichoandika."

Nikageuka. Nyuma yangu kulikuwa na alama pana, iliyochafuka, kama ya mtu aliyeburuta gunia la mkaa mchangani. Kando yake kulikuwa na alama ya ntate mwenyewe, ambaye alinifuata bila mimi kujua: mstari mmoja mwembamba, unaopinda kulia na kushoto, kama chaki ya fundi cherehani juu ya kitambaa. Tulikuwa tumeteremka mlima uleule, kwa kona idadi ileile. Yeye alikata, mimi niliburuta.

Kiswahili kilikuwa na neno hili siku zote. Dereva wa daladala akifika Mwenge hageuki, anakata kona. Nimelisema neno hilo maisha yangu yote bila kukiona kisu kilichomo ndani yake. Sasa niliona. Anayeanza hugeuka kwa kuusukuma mguu wa nyuma, ubao unapepesuka na kukwangua theluji, na hiyo ndiyo kona ya kuburuta. Haina ubaya, ndiyo breki yako, ndiyo inayokufikisha chini mzima, na mtu asiyeijua asiguse nyingine. Lakini kona ya kukata ni kitu tofauti kabisa. Ncha ya mbele inapita mahali fulani, na mkia wa ubao unapita palepale. Hakuna kinachokwenda kando.

Inawezekanaje kipande cha ubao kigeuke bila kusukumwa? Swali hili lilinikosesha usingizi usiku ule, na jibu nililipata kwa boksi la viatu na mkasi. Wewe pia waweza kujaribu hapo ulipo. Kata kipande kirefu cha boksi, kisha kikate viuno kila upande, katikati pawe pembamba kuliko miisho. Ndivyo ubao wa theluji ulivyo. Kilaze bapa juu ya meza: makali yake hayafanyi kazi yoyote. Sasa kiinue upande mmoja, kisimamie makali. Utaona miisho miwili inagusa meza, na katikati pana mwanya. Bonyeza katikati hadi mwanya uzibe. Kipande kimepinda, na makali yanayogusa meza yamekuwa upinde. Pitisha penseli kando yake, utapata sehemu ya duara.

Basi. Hiyo ndiyo kona. Uzito wa mwili wako ndio kidole kinachobonyeza katikati, na ubao ukishapinda hauna pengine pa kwenda isipokuwa kuufuata upinde wake. Kwa mbao nyingi za kawaida, kiuno hicho kimechongwa kwa duara lenye nusu kipenyo cha mita 6 hadi 9. Na kadiri unavyoulaza ubao, ndivyo duara linavyokuwa dogo: ubao wenye kiuno cha nusu kipenyo cha mita 8, ukilazwa nyuzi 60 kwenye theluji ngumu, kwa hesabu utachora duara lenye nusu kipenyo cha mita 4. Nyuzi 60 ni za mabingwa. Mimi sikufika hata nusu. Ila nilipoelewa kwamba umbo la ubao limeshaibeba kona ndani yake, nilianza kuuamini.

Asubuhi ya tatu ntate alinipeleka kwenye mteremko mpole kuliko wote. Zoezi lilikuwa moja. Uanze kwa kuukata mlima kwa mshazari, ncha ikishuka kidogo tu. Uulaze ubao kwenye makali ya vidole kwa kukunja vifundo na magoti, kitovu kikisogea mbele juu ya makali, usiiname kiunoni. Mabega yafuate mwelekeo wa ubao. Mguu wa nyuma utulie. Halafu usubiri.

"Usiusukume," alisema. "Ulaze, usubiri."

Mara ya kwanza niliusukuma. Mara ya pili pia. Mguu wa nyuma ulikuwa na mazoea yake ya siku mbili na haukutaka kuyaacha. Mara ya nne nilijisahau, nikawa natazama mbali, kule nilikotaka kufika, na ghafla sauti ikabadilika. Hakuna aliyekuwa ameniambia kuhusu sauti. Ukiburuta, theluji inakwaruza kama sufuria inayosuguliwa kwa mchanga. Sasa mkwaruzo ulikoma, ikabaki sauti ndogo ya *sss*, na ubao ukaanza kupinda wenyewe kuelekea mlimani, taratibu, mpaka kasi ikaisha ukasimama. Sikuwa nimefanya kitu. Nikageuka nikaangalia, na mstari ulikuwepo, mwembamba, wangu. Nililia kidogo ndani ya miwani, na ntate akaangalia upande mwingine kwa heshima.

Upande wa visigino ulikuwa na mashaka yake, na nadhani ni hivyo kwa wengi, kwa kuwa vifundo vya miguu havikunji vizuri kurudi nyuma, na unaanguka kwenye upande usiouona. Nilikuwa nainama kiunoni, magoti yamenyooka, makalio nje, kama mtu anayefagia uwanja kwa ufagio wa chelewa. Ukisimama hivyo makali yanaruka, yanashika na kuachia, trrr, mpaka yakuangushe. Ntate alihangaika kunieleza, nami nikapata mfano wangu: mbuzi ya kukunia nazi. Ukikaa kwenye kibao cha mbuzi uko chini, magoti yamekunjwa, mgongo haujavunjika. Nikaongeza kuvuta vidole vya miguu juu kuelekea kwenye ugoko, na kutazama juu ya bega la mbele, kushoto kule kona inakokwenda. Kona za visigino zikaanza kuja, moja kati ya tatu.

Jambo ambalo nataka kulisema taratibu zaidi ni hofu. Kona ya kuburuta inakupa breki muda wote. Kona ya kukata inakunyang'anya breki hiyo. Kuna kipindi, sekunde moja au mbili, ncha ya ubao inaielekea njia ya maji moja kwa moja, kasi inaongezeka, na kila kitu mwilini kinakwambia sukuma mguu, kwangua, simama. Ukifanya hivyo mstari umekatika. Usipofanya, ukabaki umelala kwenye makali yako, kona inaendelea, inavuka njia ya maji, inaanza kuupanda mlima upande wa pili, na mlima wenyewe ndio unaokupunguzia kasi. Kwa hiyo usalama upo, ila upo mwishoni mwa kona, na anayeikatisha katikati haufikii kamwe. Ntate alinirudia neno hili siku nzima: malizia. Malizia kona. Nilikuwa naanza kona mpya kabla ile ya kwanza haijaisha, na kila moja ikairithi kasi ya iliyotangulia mpaka nakimbizwa. Nilipojifunza kumalizia, nilipumzika.

Mtu anaweza kuona hii ni michezo ya wengine. Ubao huu wenyewe ulianza kama mchezo wa mtoto: mwaka 1965 huko Muskegon, Michigan, baba aitwaye Sherman Poppen aliunganisha ski mbili, zile mbao nyembamba za kutelezea kwenye theluji, ili binti yake ateleze akiwa amesimama. Baadaye mbele pakafungwa kamba ya kushikilia, kama hatamu. Ilichukua hadi Februari 1998, Nagano, Japani, ubao wa theluji kuingia Olimpiki. Na Nagano hukohuko ndiko alikokimbia Philip Boit, Mkenya, kilomita 10 za ski. Alimaliza wa 92, wa mwisho, na Bjørn Dæhlie wa Norwei, aliyekuwa ameshashinda dhahabu, alikuwa bado amesimama kwenye mstari wa mwisho anamsubiri, akamkumbatia. Boit alimpa mwanawe jina la Dæhlie. Nikiikumbuka picha ile, siwezi kukubali kwamba theluji ina wenyewe.

Tulirudi Dar siku ya tano, uso wangu umebabuka kwa jua la milimani ambalo sikulichukulia hatua mapema. Joto la uwanja wa ndege likanipokea, na nikajiuliza nitafanyaje mwaka mzima.

Nilipata jibu nyuma ya bodaboda, Makongo. Abiria mgeni hukaa wima pikipiki inapolala kwenye kona, anavutana nayo, na dereva anahisi. Nimepanda bodaboda miaka kumi, nami nilishajifunza kulala pamoja nayo bila mtu kunifundisha. Mwili wangu ulikuwa na nusu ya somo kabla sijaiona theluji. Wiki ile nikanunua ubao mrefu wa magurudumu, wa mtumba. Huo haukati kwa makali. Ukiulalia, ekseli zake zinapinda na magurudumu yanafuata. Lakini sheria ni ileile: ulaze, usubiri, malizia. Ukiusukuma unaondoka chini yako.

Jiji letu ni tambarare, ila chuo kikuu kiko Mlimani, na jina halikukosewa. Jumapili asubuhi, kabla ya magari, kuna kipande cha barabara chenye mteremko mpole na lami nzuri. Ninafika saa kumi na mbili na nusu, na helmeti, na vile vikinga vya mikono.

Jumapili iliyopita nilibeba chupa ya maji. Nilitaka kuona mstari wangu kama nilivyouona kule. Nilikuwa nimeinama namwaga juu ya lami, natazama yanakopita, mlinzi mmoja mtu mzima akaja.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Unaimwagilia lami?"

"Natafuta njia ya maji, mzee."

Hakucheka. Akasimama, akayatazama maji yanavyoshuka pamoja nami, akaninyooshea kidole mahali yalipopinda kidogo kuelekea mferejini. Nikapanda juu, nikashuka, nikapita kwenye maji, nikakata kulia kwa vidole, kisha kushoto kwa visigino, nikasimama. Nilipogeuka, mzee alikuwa ameshaifikia michirizi ya magurudumu, ameiinamia, mikono nyuma. Ya kulia ilikuwa upinde mzuri, mzima, umepanda hadi ukingoni mwa barabara. Ya kushoto ilianza vizuri, halafu ikanyooka.

"Hii ya huku," akasema, "hujaimalizia."

Nikachukua chupa nikaenda kuijaza.